Kitabu cha wageni kilinishinda kwenye safu ya cheo

Mama Mshauri, shikamoo.

Nimeisoma safu yako miaka mingi. Ilipozungumzia malezi nilikuwa naikata na kuibandika ofisini ili walimu wangu waione. Sikuwahi kudhani nitakuja kuiandikia mwenyewe, na naomba uniwie radhi nikiwa mrefu.

Nina miaka 61. Nilianza kushika chaki mwaka 1986 nikitokea chuo cha ualimu Mpwapwa, Daraja la Tatu A. Nimefundisha shule nne, zote wilaya ya Kilosa, na miaka 14 ya mwisho nilikuwa mwalimu mkuu. Agosti 2024 nikatimiza miaka 60, nikastaafu kwa mujibu wa sheria. Waliniaga vizuri: pilau, nyimbo za watoto, mabati 40 na saa ya ukutani yenye jina langu. Kesho yake nikakabidhi funguo, muhuri, kitabu cha kumbukumbu za shule na nyumba ya mwalimu mkuu. Tukapakia vyombo kwenye Fuso kuja Kihonda, Morogoro mjini, kwenye nyumba tuliyoijenga tofali kwa tofali kwa miaka 13.

Mwezi wa pili mwaka huu nilirudi shuleni kufuata nakala ya barua yangu ya zamani ya kupandishwa daraja. Mwalimu mkuu wa sasa ni binti aliyefika pale akiwa ajira mpya, nikamfundisha kazi mimi mwenyewe. Aliniamkia, akanipa kiti, akauliza habari za nyumbani. Halafu akanisogezea kitabu cha wageni.

Kitabu kile nilikinunua mimi. Jalada gumu jekundu, na safu zake nilizichora mwenyewe kwa rula: Tarehe, Jina, Cheo, Anakotoka, Madhumuni, Sahihi. Nikaandika tarehe. Nikaandika jina. Nilipofika kwenye Cheo, mkono ukakataa. Nikaandika "M/Mkuu", nikakata. Nikaandika "Mstaafu", nikaona kama nimejiandikia cheti cha kifo, nikakata tena. Mama, miaka 38 nimewakaripia watoto kwa kuchafua daftari, na siku hiyo nikachafua kitabu cha shule mbele ya kijana wangu. Yeye akageuka akatazama dirishani, akajifanya hajaona. Hapo ndipo paliponiuma zaidi.

Tangu hapo sijakaa sawa. Saa kumi na moja alfajiri nimeshaamka. Naoga, nanyoosha shati, naweka peni nyekundu mfukoni, nakaa sebuleni chini ya ile saa. Hakuna ninakokwenda. Wino wa zambarau wa muhuri ulikuwa hautoki kwenye kidole gumba changu hata nisugue vipi. Sasa kidole kimetakata, nakitazama kama si changu. Simu iliyokuwa haipumziki kwa wazazi wanaotaka uhamisho sasa ikilia ni ujumbe wa kampuni ya simu. Kwenye daladala konda ananiambia "babu, sogea nyuma."

Mke wangu ana genge mbele ya nyumba na ni mhasibu wa kikundi cha vikoba. Juzi nililiona daftari la kikundi mezani, hesabu zimeandikwa ovyo, nikalisahihisha kurasa sita kwa peni nyekundu. Wenzake walipofika kikaoni wakanyamaza wote. Baadaye akaniambia kwa upole, "Baba Neema, hapa si shule." Sikula siku hiyo. Kanisani walinipendekeza niwe katibu wa jumuiya yetu ndogo nikakataa, kwa sababu mwenyekiti ni kijana niliyemfundisha darasa la tatu.

Mafao ya mkupuo nimepata. Kuna rafiki ananishawishi ninunue kirikuu mbili za kubeba mizigo, na moyo unanisukuma, maana angalau asubuhi kutakuwa na madereva wa kuniripotia.

Tangu Pasaka usingizi umekatika na chakula hakina ladha. Usiku mmoja niliwaza kwamba nikilala nisiamke, ile ringi ya gari tunayogonga kama kengele itagongwa saa moja na nusu vilevile. Hili sijamwambia mke wangu. Binti yangu Neema ananiambia niende kwenye ushauri nasaha. Nilimfokea: mimi sina UKIMWI wala si kichaa.

Mama, mimi ni nani sasa? Na je, mtu wa umri wangu anaruhusiwa kuuliza swali la mtoto wa kidato cha pili?

Baba Neema, Kihonda, Morogoro (majina yamebadilishwa)

MAJIBU

Marahaba, mdogo wangu. Nitakuita Mwalimu katika barua hii yote, na huko mbele nitakueleza kwa nini.

Kabla ya cheo na kitabu cha wageni, nianze na usiku ule. Mtu anapoandika kwamba akilala asiamke hakuna kitakachobadilika, sisi tuliofanya kazi hii hatugeuzi ukurasa. Usingizi umekatika tangu Pasaka, chakula hakina ladha, na mawazo ya kutokuwepo yameanza kubisha hodi. Hali hiyo ikidumu wiki mbili mfululizo, karibu kila siku, tunaita sonona, na sonona ni ugonjwa kama shinikizo la damu lilivyo ugonjwa. Hauponi kwa kujikaza. Usiku wa leo, kabla hamjazima taa, mwambie Mama Neema sentensi ileile uliyoniandikia mimi, neno kwa neno. Atalia pengine. Mwache alie, lakini ajue. Jumatatu chukua kadi yako ya bima uende hospitali ya rufaa ya mkoa, uulize kliniki ya afya ya akili. Na mawazo hayo yakizidi kabla ya Jumatatu, usisubiri, nenda saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, na usiende peke yako.

Sasa hilo neno lililokufanya umfokee binti yako. Sikulaumu hata kidogo. Watu wa rika letu neno ushauri nasaha tulilizoea kwenye vibao vya vituo vya kupima virusi vya UKIMWI, na ndiko nilikojifunzia mimi. Nilikuwa muuguzi. Nilikaa kwenye chumba kidogo chenye meza, viti viwili na boksi la tishu, mtu anakuja kabla ya kupima na anarudi baada ya majibu. Nilidhani watu wataniuliza watakufa lini. Wachache waliuliza hivyo. Wengi walinyamaza muda mrefu, kisha wakasema maneno yanayofanana na yako: basi mimi si yule tena. Mama aliyekuwa mke wa mtu, kijana aliyekuwa nahodha wa timu, sasa anajitafuta ndani ya jina jipya alilopewa na karatasi. Dawa zilipopatikana walipata nafuu ya mwili, na lile swali likabaki linahitaji kukaliwa chini. Ndiyo kazi yetu. Kwa hiyo Neema hakukutukana. Alikuelekeza mlango unaofaa, ila mlango wenyewe umebandikwa kibao kilichotutisha miaka mingi.

Umeuliza kama umri wako unaruhusu swali hili. Erik Erikson, mtaalamu wa saikolojia aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1902, alilishughulikia swali la utambulisho maisha yake yote, na lake lilianzia kwake mwenyewe. Hakumjua baba yake mzazi. Alikulia kwenye jina la baba wa kambo, Homburger, na alipopata uraia wa Marekani mwaka 1939 akajiita Erikson. Alikuwa mtu mzima wa miaka 37 anachagua jina. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alihudumia wanajeshi waliorudi kutoka vitani. Kumbukumbu zao zilikuwepo, majina yao waliyajua, ila hawakuhisi tena kwamba mtu wa jana na wa leo ni mmoja. Huyo ni wewe na peni yako mbele ya safu ya Cheo. Erikson aliyagawa maisha katika hatua nane, na ya mwisho akaiweka uzeeni: mtu anatazama nyuma, ama anaipokea safari yake kuwa ni yake, ama anakata tamaa. Swali lako halijachelewa, Mwalimu. Limekuja kwa zamu yake.

Hapa nataka tukae kidogo, maana naona ndipo penye mzizi.

Umefundisha Kilosa, kwa hiyo unajua mwali ni nani. Binti anapovunja ungo anawekwa ndani. Si mtoto tena, na mwanamke bado. Hakuna anayemdai awe na jibu la yeye ni nani, kwa sababu jamii nzima inajua yuko kati. Ana kungwi wa kumfunda, ana muda wake, na siku ya kutoka ngoma inapigwa watu wote wamwone. Wavulana nao wana jando lao. Mjane wa Kiislamu anakaa eda miezi minne na siku kumi. Tukifiwa tunaanua matanga, halafu kuna arobaini. Wazee wetu walielewa kwamba mtu haruki kutoka hali moja hadi nyingine kama anavyoruka mtaro. Kila kivuko walikiwekea muda na walikiwekea mtu wa kukuvusha.

Kustaafu kumetukuta bila kungwi. Ajira ya serikali ilikuja na wakoloni, na desturi yake ya kuagana ni ya nusu siku. Wewe umepewa pilau, mabati na saa, kesho yake umekabidhi funguo, kesho kutwa watu wanakuambia "sasa pumzika mzee." Apumzike nani? Yule aliyekuwa akichoka amebaki ofisini pamoja na muhuri.

William Bridges, Mmarekani aliyekuwa profesa wa fasihi, aliacha kufundisha mwaka 1974 na akajikuta palepale ulipo. Kutokana na hayo alitenganisha vitu viwili ambavyo sisi hutamka kwa pumzi moja: mabadiliko na mpito. Mabadiliko ni lile jambo la nje, barua ya kustaafu, Fuso la vyombo, na lina tarehe. Mpito unatendeka ndani ya mtu na haufuati kalenda. Alisema mpito huanza na mwisho: kwanza kitu kife na kililiwe. Halafu kuna katikati, ambako cha zamani kimeondoka na kipya hakijaja, na watu wengi hutaka kukimbia hapo kwa sababu panatisha. Kuanza upya huja baadaye. Niliposoma hayo nilimkumbuka kungwi wangu. Usikasirike basi nikikuambia kwamba kwa sasa wewe ni mwali. Mshauri nasaha utakayeonana naye ndiye kungwi unayemkosa.

Na atafanya nini? Utakaa naye kama dakika 45 hivi au saa nzima, mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili. Hatakupa amri, na ya kwako hayatoki mle chumbani, isipokuwa akiona maisha yako yako hatarini. Atakuuliza, kisha atanyamaza, na kule kunyamaza kutakusumbua kwa sababu umezoea kuuliza wewe. Vumilia.

Kuna zoezi moja ambalo huenda akakupa, nami nakupa mapema. Wamarekani wawili, Kuhn na McPartland, walilitengeneza mwaka 1954. Chukua karatasi, andika namba 1 hadi 20, na kila mstari uanze na "Mimi ni". Andika haraka, usichague, usirudi nyuma. Mara nyingi mistari ya mwanzo huwa ni vyeo: mwalimu, baba, Mkatoliki. Kalamu huanza kusita mahali fulani katikati, na huko ndiko kwenye mtu. Nilipofanya zoezi hili baada ya kuvua gauni la uuguzi mwaka 2014, mstari wa 13 niliandika "mimi ni mtu anayependa harufu ya mvua" na nikalia bila kujua ninalilia nini. Andika kwa peni ya bluu, Mwalimu. Na tafadhali usiisahihishe.

Sasa tuangalie kwa makini ulichopoteza, kwa sababu umeniandikia kama kitu kimoja na mimi naona vitano. Umepoteza ratiba: ile ringi ya gari ndiyo iliyokuwa ikikuambia sasa ni saa ya nini. Umepoteza watu. Umepoteza sehemu kubwa ya kipato. Umepoteza kazi yenye maana, ya kumwona mtoto akiunganisha herufi kwa mara ya kwanza. Na umepoteza mamlaka. Vyote vinauma, ila kila kimoja kina dawa yake, na ukivichanganya utakunywa dawa ya kichwa kwa ajili ya mguu.

Kirikuu ni mfano mzuri. Umeandika mwenyewe kwamba kutakuwa na madereva wa kukuripotia. Hukuandika zitaingiza kiasi gani kwa wiki, matairi bei gani, dereva akikuibia mafuta utajuaje. Hiyo si biashara, Mwalimu. Unataka kurudisha mamlaka kwa kuinunua. Nimewaona wastaafu wengi wakikwama hapo, na majirani wanasema walikuwa wapumbavu wa pesa. Hawakuwa wapumbavu. Walikuwa na kidonda cha heshima na mtu akawauzia gari. Tangu kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu, kilipobadilishwa mwaka 2024, kundi lenu linapata asilimia 40 kwa mkupuo na iliyobaki inakuja kidogo kidogo kila mwezi. Huo mkupuo hautakuja mara ya pili. Mwambie rafiki yako kwamba umeamua kutogusa hela kwa miezi sita. Akiwa rafiki atangoja.

Mamlaka na ualimu. Hivi viwili vilikaa pamoja kwako muda mrefu mpaka vikaota ngozi moja. Daftari la vikoba limeonyesha mahali pa kuvitenganisha. Kuona hesabu imekosewa, huo ni ualimu, na macho hayo utakufa nayo. Kuchukua peni nyekundu bila kuombwa, kwenye daftari la wenyewe, kurasa sita, huo ulikuwa umkuu, nao umeukabidhi Agosti. Wale kina mama hawakunyamaza kwa sababu wanakudharau. Walijiona wako mstarini. Waombe radhi, kwa mdomo wako, na usimtume Mama Neema. Ukishaomba radhi usiongeze neno la "lakini". Wakija siku moja kukuomba uwafundishe kupiga mistari ya daftari la hisa, nenda. Wasipokuja, usijipeleke.

Na Mama Neema mwenyewe. Nyumba hiyo mmejenga wote, lakini mchana imekuwa yake. Wewe ulikuwa ukirudi jioni kama mgeni wa heshima. Sasa uko sebuleni tangu saa kumi na moja alfajiri ukiwa umenyoosha shati, na kila akipita na ndoo anahisi anakaguliwa. Yeye naye amepatwa na mabadiliko, na sidhani kama kuna aliyemuuliza hali yake. Muulize. Muulize pia kiti chako kiwe wapi, na saa zipi angependa awe peke yake gengeni. Ile saa ya ukutani, kama inakufanya usikilize kengele isiyogongwa, ihamishieni chumba cha wageni kwa muda. Si dharau kwa waliokupa.

Nimesema nitakueleza kwa nini nakuita Mwalimu. Nchi hii ina mtu mmoja ambaye jina hilo lilimganda kabisa. Nyerere alifundisha Tabora kisha Pugu, kwa jumla miaka isiyofika kumi. Mwaka 1955 ilimbidi achague kati ya darasa na siasa, akaacha kazi ya kufundisha, na bado tuliendelea kumwita Mwalimu hadi alipofariki Oktoba 1999. Wewe umefundisha zaidi ya mara nne ya miaka yake. Hakuna sheria ya utumishi inayolifuta jina hilo ukifika 60. Lakini sikutajii hayo ili ujifariji kwa jina. Jina kubaki hakumwambii mtu leo aamke afanye nini. Nakutajia kwa sababu ya jinsi alivyotoka: alikabidhi urais Novemba 1985, akaendelea na uenyekiti wa chama hadi 1990, na Butiama alikuwa na shamba. Hakuvuliwa vyote siku moja. Wewe ulivuliwa kazi, nyumba, watu na mji kwa saa 24. Mtu yeyote angeyumba.

Kwa hiyo sikuambii ufungue tuisheni kesho kutwa, ingawa najua majirani watakuambia hivyo. Huenda ukaja kuifungua, lakini ukianza nayo sasa utakuwa unajificha ndani yake. Kwanza jipe ratiba ndogo isiyo na cheo. Tembea asubuhi kabla jua halijawa kali, huku ukiitazama milima ya Uluguru. Limeni mchicha wa genge hapo nyuma, wewe na mkeo. Jumatano mpigie simu mwalimu mwenzako mmoja aliyestaafu, mmoja tu, na umuulize anavyolala usiku. Nina hakika atakuwa na la kusema.

Kuhusu jumuiya, sikusukumi. Ila fikiri: yule mwenyekiti uliyemfundisha darasa la tatu, kusoma matangazo yale mbele ya watu alijifunza kwa nani? Umemwona kama mtu aliyekupita cheo. Mimi namwona ni kazi ya mikono yako imesimama inaongea. Kukaa chini yake kama katibu kutakugharimu, sikatai. Ukiwa hujawa tayari, mwambie hivyo, kwamba bado, badala ya kumwachia "hapana" isiyo na maelezo. Kijana huyo pengine analala akijiuliza amekukosea nini.

Na yule binti, mwalimu mkuu wa sasa. Nimeisoma sehemu ile mara tatu. Alipogeuka dirishani wewe ukaona aibu yako imeonekana. Mimi niliyekaa na watu kwenye kile chumba kidogo nakuambia alikuwa anakusitiri. Angeweza kusema "andika tu Mstaafu, Mwalimu," ingekuwa kweli na ingekuua. Akakupa mgongo ili ubaki na uso wako. Hilo nalo kajifunza mahali, na amefanya kazi chini yako. Usirudi pale mara kwa mara kwa sasa, mwache ashike usukani bila kuona kivuli chako uwanjani. Ukienda siku nyingine na kitabu kikaja mbele yako, safu ile waweza kupiga kistari ukaendelea na Anakotoka. Kitabu cha wageni hakidai zaidi ya hapo.

Barua yako ya kupandishwa daraja, ile uliyokwenda kuifuata, hukuniambia kama uliipata. Kama bado, mtume Neema akaichukue. Wewe Jumatatu una safari ya kliniki, na Mama Neema aende nawe.